Meli ipi ni yako? Mwongozo kwa kijana wa Kakamega anayetaka likizo ya majini ng'ambo

VIDEO hiyo umeshaiona. Meli nyeupe ndefu kama mtaa mzima, bwawa la kuogelea juu ya sitaha, DJ, jua linazama, na maandishi hapo chini: siku saba baharini, lipa polepole. Umeitupa kwenye grupu la WhatsApp. Mmoja kaweka emoji ya moto, mwingine kauliza "ni ngapi?", na kabla chai haijapoa mmeshakubaliana kuchanga kila mwisho wa mwezi hadi Desemba.

Hakuna ubaya. Ukiwa umekulia Kakamega, ambako maji unayoyajua sana ni ile mvua ya alasiri inayokunyeshea ukitoka kazini, na bahari iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, kiu ya kulala juu ya maji inaeleweka. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunachagua meli vile tunavyochagua viatu mtandaoni: kwa picha. Pesa zikishalipwa ndipo mtu anagundua kwamba viza haijatoka, au bei aliyoiona ilikuwa ya watu wawili kulala chumba kimoja, au ile safari ya kifahari iliyotangazwa ni boti ya mbao yenye spika kubwa.

Kwa hivyo kabla ya kutuma hata shilingi moja, geuza swali. Usiulize meli gani ni kubwa zaidi. Jiulize mambo matatu: nina hati gani mkononi, nina siku ngapi za likizo, na nina mkwanja kiasi gani nikihesabu kuanzia stendi ya Kakamega hadi nirudi stendi ya Kakamega. Majibu hayo matatu yatakuchagulia chombo kuliko video yoyote.

Kuna aina kuu nne za safari za majini. Kuna meli kubwa za kitalii zinazozunguka bandari kadhaa, wewe ukilala humo humo. Kuna meli za mtoni, ndogo na tulivu. Kuna feri na meli za kawaida za abiria, ambazo kazi yake ni kuvusha watu lakini mtalii mwerevu huzigeuza starehe. Na kuna majahazi na boti za matembezi ya saa chache. Zote ni halali kuitwa likizo. Tofauti ni hati, bei, na tumbo lako.

Ukiwa na kitambulisho tu

Wengi husahau kwamba ng'ambo ya karibu zaidi na Kakamega haihitaji ndege wala pasipoti. Tangu 2014, Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Unapanda matatu kupitia Mumias hadi Busia, unagongewa mpakani, na barabara ya Kampala inakufikisha Jinja siku hiyo hiyo. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukiulizwa mpakani na huna, safari yako inaweza kuishia hapo.

Jinja ndipo mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Boti za matembezi hukupeleka hadi pale maji ya ziwa yanapogeuka kuwa mto, na saa moja au mbili zinatosha. Hii ni safari ya wikendi, ya watu wenye Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi ya kazi. Ikiwa mko wanne au watano, mnaweza kukodi boti nzima, mradi mkubaliane bei kabla ya kupanda, si mkiwa katikati ya maji.

Ukitaka kulala kisiwani, kuna Ssese, kundi la visiwa 84 ndani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Meli ya serikali ya MV Kalangala hutoka Nakiwogo, karibu na Entebbe, hadi Lutoboka katika kisiwa cha Bugala. Ni mwendo wa takriban saa tatu na nusu. Hakuna kasino wala bwawa, lakini kuna upepo, samaki, na ufuo wa mchanga wa kunyosha miguu. Meli za huduma kama hii huondolewa majini mara kwa mara kwa ukarabati, kwa hivyo hakikisha inafanya kazi wiki hiyo kabla ya kufunga begi.

Na kama una siku nne au tano, funga safari hadi Murchison Falls, kaskazini magharibi mwa Uganda. Boti hupanda mto kutoka Paraa hadi chini ya maporomoko, katikati ya viboko na mamba, kwa muda wa saa tatu hivi. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa ada ya chini ya hifadhi kuliko mgeni wa kutoka mbali. Hapo kitambulisho chako ni punguzo la bei.

Ukiwa na pasipoti lakini hutaki mambo ya viza

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, kisha unaenda mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole katika ofisi ya uhamiaji. Wengi wa kutoka huku hutumia Kisumu au Eldoret. Iombe mapema. Kampuni nyingi za meli na nchi nyingi hutaka pasipoti iliyobakisha angalau miezi sita kabla ya kuisha muda. Usilipie meli ya Desemba huku pasipoti ikiwa bado ni risiti ya ombi.

Ukishaipata, Tanzania iko wazi bila viza. Kupitia Kisumu, Kisii, Migori na mpaka wa Isebania unafika Mwanza, na hapo kuna meli ambayo ni kama ya nyumbani. New Victoria Hapa Kazi Tu, inayosafiri kati ya Mwanza na Bukoba, iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilipokuwa MV Victoria iliwahi kuhudumu Kenya, Uganda na Tanzania, enzi za ile Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977. Baada ya ukarabati mkubwa ilirudi kazini 2020, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200. Husafiri usiku, na ina madaraja tofauti, yakiwemo yenye vitanda. Ukitaka kuonja ladha ya kulala melini na kuamkia mji mwingine bila kuuza ng'ombe wa babako, ni hapa.

Zanzibar ni hadithi nyingine. Feri za kasi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja huchukua saa mbili hivi. Feri yenyewe si likizo. Likizo inaanza ukishuka. Jahazi la jioni kutoka Mji Mkongwe au Nungwi, tanga likijaa upepo na nahodha akikuonyesha anavyosoma mawingu, ni starehe ambayo meli ya orofa 15 haiwezi kukupa. Lakini angalia majira. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi hushika baada ya hapo hadi karibu Oktoba, na masika ya kati ya Machi na Mei huleta mvua inayoweza kukufungia hotelini siku nzima. Ukiona ofa ya bei ya kutupa mwezi wa Aprili, sasa unajua sababu. Kumbuka pia kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar huwataka wageni wa kutoka nje ya Tanzania wawe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar. Tazama kiwango kinachowahusu raia wa Afrika Mashariki kabla ya kupiga hesabu.

Je, unataka ile meli kubwa ya kwenye video, yenye kumbi za muziki na mkahawa kila kona, na viza hutaki kuisikia? Elekeza macho Afrika Kusini. Tangu Januari 1, 2023, Mkenya huingia huko bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Kwa misimu mingi sasa, kampuni ya MSC imekuwa ikileta meli Durban wakati wa kiangazi cha kusini, takriban Novemba hadi Machi au Aprili, na kufanya safari fupi za usiku mbili, tatu au nne kwenda fuo za Msumbiji kama Portuguese Island na Pomene. Kwa mtu wa mara ya kwanza, usiku tatu au nne ndio kipimo kizuri. Ukipenda, utarudi. Usipopenda, hujafungiwa humo wiki mbili.

Tahadhari mbili tu. Kwanza, ukishuka Msumbiji hata kwa saa tatu umeingia nchi nyingine. Iulize kampuni kwa maandishi ni masharti gani yanayomhusu Mkenya. Pili, mkataba wa meli humruhusu nahodha kuruka kituo hali ya hewa ikichafuka, na msimu huo huo ndio wa vimbunga katika Mfereji wa Msumbiji. Ukienda kwa ajili ya kisiwa pekee, unaweza kurudi na picha za mawimbi tu.

Ukiwa tayari kupambana na viza

Hapa ndipo safari huanza kuwa noma, si kwa sababu haziwezekani bali kwa sababu pesa hutoka kabla ya jibu kutoka.

Misri ni chaguo ambalo vijana wengi hawalifikirii. Meli za mtoni kati ya Luxor na Aswan huchukua usiku tatu au nne, zikisimama kwenye mahekalu ya Edfu na Kom Ombo. Mto umetulia, kwa hivyo anayeogopa kutapika anapumua. Abiria ni wachache, kelele ni kidogo, na kila siku unashuka kuona kitu cha maelfu ya miaka. Kuna pia dahabiya, mashua za tanga zenye vyumba vichache, zinazofaa wapenzi au kikundi kidogo. Msimu mzuri ni kati ya Oktoba na Aprili. Miezi ya katikati ya mwaka joto la Aswan halina huruma. Na raha yake ni hii: ukishaiona Jinja, utakuwa umepanda boti kwenye mto ule ule, mmoja ukianza na mwingine ukikaribia kumalizika.

Dubai na Abu Dhabi zina meli kubwa zinazozunguka Ghuba wakati wa majira yao ya baridi, takriban Novemba hadi Machi. Ni rahisi kwa sababu ndege kutoka Nairobi ni nyingi, na huenda una binamu au rafiki anayefanya kazi huko. Lakini meli ikitoka Dubai, ikapita Doha au Muscat, kisha ikarudi Dubai, unaingia Emirati mara mbili. Viza ya kuingia mara moja itakuacha bandarini ukitazama wenzako wakipanda.

Mtego huo huo uko Ulaya. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, zaidi ya Sh12,000, na ukinyimwa hairudishwi. Meli ya Mediterania inayotoka Barcelona, ikagusa nchi iliyo nje ya Schengen na kurudi, inahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ubalozi utataka kuona taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima, na sababu za wewe kurudi nyumbani. Ikiwa umemaliza chuo juzi na biashara yako ina miezi sita, si kwamba huwezi kupata, ila usiweke akiba yote ya chama kwenye tumaini hilo. Tafuta meli inayokuruhusu kughairi na kurudishiwa pesa hadi tarehe fulani, na ufanye hesabu za viza zikamilike kabla ya tarehe hiyo.

Kuhusu yale majitu kama Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024 na inayoweza kubeba abiria hadi 7,600: ni kijiji kinachoelea. Inahitaji viza ya Marekani na nauli ya kuvuka bahari. Iweke kwenye ndoto za miaka ya mbele. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Bei ya bango si bei ya safari

Tuchukue mfano. Tangazo linasema dola 500 kwa usiku saba. Kwa kiwango cha karibu Sh130 kwa dola, hiyo ni Sh65,000. Unasema, kumbe naweza!

Soma maandishi madogo. Bei hiyo kwa kawaida ni ya kila mtu mkiwa wawili chumbani. Ukisafiri peke yako, kampuni nyingi hukutoza karibu bei ya watu wawili, yaani Sh130,000. Halafu kuna bahshishi ya wafanyakazi, ambayo kampuni nyingi kubwa huongeza kwenye bili yako kila siku, mara nyingi kati ya dola 14 na 20 kwa mtu. Kwa dola 16, usiku saba ni dola 112, karibu Sh14,500. Hujanywa soda bado.

Chakula cha mikahawa ya kawaida kimelipiwa, lakini vinywaji vingi, intaneti, mikahawa maalumu na matembezi ya bandarini hulipiwa kando. Melini hutumii pesa taslimu. Unapewa kadi, na kadi hiyo ni tamu kama Fuliza. Unagonga, unagonga, na usiku wa mwisho bili inaletwa chumbani. Simu nayo ina mtego wake: meli ikiwa katikati ya bahari, simu yako inaweza kujiunga na mtandao wa meli wenyewe, ambao ni ghali kuliko mtandao wa nchi yoyote utakayotembelea. Weka simu katika hali ya ndege mara tu meli inapong'oa nanga.

Ongeza nauli ya Kakamega hadi Kisumu au Nairobi, ndege, usiku mmoja wa hoteli katika mji wa bandari, viza, bima ya safari inayogharamia matibabu baharini, na akiba ya dharura. Huo usiku mmoja usiuone kama anasa. Meli haisubiri mtu ambaye ndege yake imechelewa, na ukiachwa, kuifuata bandari ya pili ni kwa gharama yako. Ukijumlisha yote, mara nyingi tiketi ya meli yenyewe inageuka kuwa sehemu ndogo ya safari. Ndiyo maana usiku tatu kutoka Durban unaweza kukuachia mfuko wenye afya kuliko usiku saba wa "bei rahisi" huko Ulaya.

Kabini, tumbo na marafiki

Vyumba vya melini ni vya aina nne: vya ndani visivyo na dirisha, vyenye dirisha, vyenye roshani, na vile vya kifahari vyenye sebule. Ukiwa kijana wa kucheza hadi saa nane za usiku, chumba cha ndani kinakutosha. Kitanda ni kile kile na giza litakusaidia kulala. Ukiwa kwenye fungate, roshani ina maana. Ukiwa na hofu ya kutapika, chagua chumba cha katikati ya meli na cha orofa za chini, ambako chombo huyumba kidogo, na ubebe dawa uliyoshauriwa na mfamasia. Tangawizi husaidia baadhi ya watu.

Afadhali ujipime kabla hujalipa. Kutoka Kakamega hadi Kisumu ni kilomita 50 hivi. Panda boti pale Dunga, au nenda mbele hadi Luanda K'Otieno ukavuke na feri hadi Mbita. Ziwa si bahari, lakini ukishuka ukiwa umeshika kichwa na kuapa hutarudi, utakuwa umejifunza kwa pesa kidogo kile ambacho wengine hujifunza kwa laki mbili.

Tazama pia mnaoenda nao. Kundi la wanachuo wanane linataka meli yenye muziki na michezo. Mama yako, ukimpeleka kwa mara ya kwanza kama asante ya kukusomesha, huenda akafurahia mto wa Misri au jahazi la jioni kuliko foleni ya watu elfu tatu wakisubiri kiamshakinywa. Na kama kuna anayekula halali au asiyetaka kuwa karibu na pombe na kamari, uliza mapema. Meli nyingi kubwa hupanga chakula maalumu ukiomba wakati wa kulipia, lakini kasino na baa ziko katikati ya kila kitu.

Hili halina mjadala

Novemba 2018, boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama Ziwa Victoria, karibu na Mutima Beach, wilaya ya Mukono nchini Uganda. Ilikuwa wikendi na watu walikuwa wameenda kujivinjari kwa muziki. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mamlaka zilisema boti hiyo haikuwa na leseni na ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Miezi miwili kabla, Septemba 20, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimepinduka karibu na kisiwa cha Ukara upande wa Tanzania, na zaidi ya watu 220 wakafa. Wazazi wetu bado wanakumbuka MV Bukoba, Mei 21, 1996, iliyozama karibu kabisa na Mwanza ikiwa na mamia ya watu zaidi ya uwezo wake.

Hatusemi haya kukutisha. Tunasema kwa sababu safari unayoweza kuimudu leo, ya boti na feri za ziwani, ndiyo inayokutaka uwe macho zaidi. Hesabu watu. Tafuta maandishi ya uwezo wa chombo. Dai jaketi la kuokoa maisha na ulivae, hata kama litaharibu picha. Ukiona boti imejaa na bado wanapandisha, shuka. Ukiona upepo umechafuka na nahodha anasita, usiwe ndiye unayepiga kelele "twende!" kwa sababu umeshalipa. Elfu tatu yako itapatikana tena.

Meli kubwa nazo si za kudharau utaratibu. Costa Concordia, meli ya kisasa ya kitalii, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 13, 2012, na watu 32 wakafa. Ndiyo maana siku ya kwanza utaitwa kwenye zoezi la usalama. Wengine watalikwepa wakapige selfi. Wewe nenda, jua kituo chako na njia ya kufika huko gizani.

Usiliwe pesa nchi kavu

Wengi hawapotezi pesa baharini, wanazipoteza kwenye simu. Ukipata ofa, uliza jina kamili la meli, tarehe ya kuondoka na bandari. Kisha ingia kwenye tovuti ya kampuni ya meli yenyewe uone kama safari hiyo ipo. Wakala wa safari anayefanya kazi Kenya anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA. Wengi walio makini ni wanachama wa chama cha mawakala, KATA. Uliza, kisha uhakikishe mwenyewe.

Lipa kwa akaunti ya kampuni, si kwa namba ya mtu binafsi ya M-Pesa. Ukishalipa arbuni, dai namba ya uthibitisho kutoka kwa kampuni ya meli, iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Wakala anayekuambia namba itakuja baadaye, eti lipa leo kwa sababu nafasi zimebaki mbili, mwache na nafasi zake mbili.

Kwa wenye chama, andikeni mambo matatu kabla ya mchango wa kwanza: nani anashika pesa, mtu akijiondoa anarudishiwa nini, na mmoja akinyimwa viza wengine watafanya nini. Urafiki mwingi umezama kwa sababu ya swali hilo la tatu, na hakukuwa na wimbi hata moja.

Sasa chagua

Una siku tatu na kitambulisho? Jinja. Una siku tano na ungependa kisiwa? Ssese. Una pasipoti na wiki moja? Mwanza hadi Bukoba, au Zanzibar na jahazi lake. Unataka meli kubwa bila kusumbuana na ubalozi? Durban. Una akiba nzuri na subira ya viza? Anza na Misri kabla ya Mediterania. Una bibi arusi mpya na unataka kumpendeza? Muulize anataka nini, kwanza kama anapenda maji.

Anayeanza na boti ya Jinja hajakosa chochote. Amejua kama tumbo lake linastahimili maji, amejua rafiki yupi hulipa kwa wakati na yupi huchelewesha matatu, amevuka mpaka mara moja na muhuri haumtishi tena. Siku atakayosimama mbele ya meli ya orofa 15, atakuwa anajua hasa analipia nini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kuirusha tena ile video kwenye grupu, fungua droo utazame kitambulisho, pasipoti na kadi ya chanjo. Zilizopo zitakuambia uende wapi mwaka huu, na zisizokuwepo uzianzishe Jumatatu.